Tupa, Kabari na Msumeno wa Mnyororo

Wazee waliokata boriti katika mikoko ya Rufiji zama za majahazi hawakuwa na chombo kingine ila shoka, panga na subira. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zenye lulu baharini lakini zisizo na mti mnyoofu wa kubeba dari, yakapakia shehena ya boriti, mazio na pau, kisha yakarejea kwao na kusi. Na katikati ya pepo hizo mbili mkataji alikuwa na miezi ya kufanya kazi yake pigo kwa pigo. Shoka lilimchosha, hapana shaka, na viganja vyake vilijaa sugu, walakini lilimpa kitu kimoja ambacho sisi leo hatuoni thamani yake: kati ya pigo na pigo alipata nafasi ya kuvuta pumzi, kutazama juu kileleni, kusikiliza mti unavyolia, na akiona haja, kubadili shauri.

Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chensoo, haumpi mtu nafasi hiyo. Hata ulio mdogo, wa kilo nne au tano na injini isiyozidi sentimita za ujazo 50, huuzungusha mnyororo wake kwa mwendo wa kiasi cha mita 20 kwa sekunde, na jino lililogusa mahali pasipofaa huwa limekwisha kutenda lililotenda kabla mwenye kuushika msumeno hajafahamu kuwa kuna jambo. Kwa sababu hiyo fikra zote ambazo mkata shoka alizigawa kidogo kidogo katika siku nzima ya sulubu, mwenye msumeno hana budi kuzimaliza kabla hajavuta kamba ya kuwashia. Ninavyoamini mimi, elimu yote ya chombo hiki ni tawi la jambo hilo moja, iwe ni elimu ya kukitunza au ya kujihadhari nacho, na anayezitenganisha elimu hizo mbili hujidanganya, maana msumeno butu, uliolegea mnyororo na kukauka oili, ndio huo huo unaomkata mtu.

Si chombo cha kale. Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wake wa kwanza wa umeme mwaka 1926 na ule wa petroli mwaka 1929, nayo ilikuwa mitambo mizito iliyohitaji watu wawili kuibeba. Meno tuliyoyazoea leo yalitoka mahali pengine kabisa. Mwaka 1946, katika misitu ya Oregon huko Marekani, mkata miti aliyeitwa Joseph Cox alimtazama buu akitafuna kisiki, akaona kwamba mdudu yule hupita ndani ya mti usiooza akifuata nyuzi au akizikata kwa wepesi ule ule, kwa taya mbili zilizopindana mithili ya herufi C, taya ya kulia na taya ya kushoto. Akashuka katika chumba cha chini cha nyumba yake akachonga mnyororo wenye meno ya namna hiyo, nao ukaingia sokoni mwaka 1947. Mkulima wa Kibiti aliyewahi kumwona mdudu chonga akitoboa moyo wa mnazi wake anaijua kazi hiyo kwa uchungu.

Katika nchi yetu hii ya Rufiji msumeno ulienea pamoja na barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la mbao lililotoka kusini lilingoja kivuko cha Ndundu, na Mto Rufiji ukifurika lilingoja zaidi. Daraja lilipokwisha, malori yakapita usiku na mchana, na mninga na mkongo wa misitu ya Rufiji na Kilwa vikakatwa kwa kasi ambayo shoka lisingaliweza kuifikia kamwe. Siwezi kuandika habari za msumeno bila kulisema hili, kwa kuwa nimesimama mbele ya visiki vile. Anayetaka kuvuna mti wa msituni ana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 mbele yake, na kibali hutafutwa kwa maofisa wa wilaya na Wakala wa Huduma za Misitu. Na mikoko ya delta, iwe mkandaa, msinzi, mchu au mkomafi, yote ni hifadhi. Lakini kazi za halali ni tele. Kuna mikorosho ya kupogolewa kati ya Bungu na Kibiti, kuna minazi iliyozeeka isiyozaa tena, kulikuwa na miembe iliyolala juu ya mapaa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Mafia wakati ambapo bonde la Rufiji lilikuwa bado limejaa maji ya mafuriko. Kazi hizi hufanywa na vijana walioazima msumeno asubuhi na kuurudisha jioni, aghalabu bila kuelezwa lolote ila mahali pa kutilia mafuta.

Tuanze na hayo mafuta basi. Injini ya msumeno haina akiba ya oili tumboni mwake kama injini ya gari. Oili yake huja imechanganywa ndani ya petroli, na ikija pungufu pistoni hukwaruza silinda, ikapata joto kali, ikavimba na kukwama, na fundi hana la kufanya ila kubadili vyote viwili. Misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu moja ya oili ile ambayo madukani huitwa 2T kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa lita moja au mililita 100 kwa dumu la lita tano. Baadhi ya ile ya zamani hutaka mara mbili ya hapo, na hakimu wa jambo hili ni kijitabu cha msumeno wenyewe wala si jirani. Nimewaona watu wakiinua chupa juani, wakatazama rangi, wakasema imekolea. Na jicho la mwanadamu, hata liwe kali namna gani, haliwezi kupambanua mililita 20 na mililita 10. Kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi chenye alama za vipimo, kikioshwa na kukaushwa vema, humaliza ubishi wote. Petroli iliyochanganywa isikae zaidi ya mwezi, na petroli ya dumu lililosafiri na mashua ichujwe kwa kitambaa safi, kwani uchafu ukifika kwenye kabureta hugharimu siku nzima ya kazi. Injini ikiwa ya moto iachwe ipoe kwanza ndipo itiwe mafuta, mbali na jiko na sigara, kisha mtu asogee hatua kadhaa kabla ya kuiwasha.

Tangi la pili ni la oili ya mnyororo, na hili ndilo linalosahauliwa. Oili hiyo hutiririka yenyewe katika mfereji wa lile bamba refu linalobeba mnyororo, na tangi lake lijazwe kila mara linapojazwa la petroli. Kujua kama inafika ni jambo jepesi: elekeza ncha ya bamba kwenye ubao mweupe au jani kavu la mgomba, bila kuligusa, kisha kaza mwendo wa injini kidogo, mstari mwembamba wa oili ukijichora, kazi iendelee, na usipojichora, zima, safisha tundu la oili. Wako wanaotia oili chafu iliyomwagwa gereji, kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo ina chembe za chuma zinazokula mfereji wa bamba, na kila inachokirusha huanguka ardhini, mahali ambapo kaa na kamba hukulia endapo kazi iko kandokando ya mikondo ya delta.

Sasa nifike kwenye tupa, na hapa naomba msomaji aketi nami. Nyamisati, mahali watu wanapongoja boti za Mafia na za visiwa vya delta, palikuwa na fundi mmoja aliyekuwa akingoja maji yajae. Aliubana msumeno wake kati ya magoti, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa, akavaa glavu, akatafuta kwanza jino lililochakaa kuliko yote, akalitia alama kwa kipande cha chaki. Tupa yake ilikuwa ya mviringo, nyembamba kuliko kalamu ya risasi, milimita nne, ambayo ndiyo kiasi cha minyororo mingi midogo. Ile ya wastani hutaka milimita 4.8. Aliilaza kwenye kifuko cha jino kwa mshazari wa nyuzi 30, akaisukuma kutoka ndani kwenda nje, akaiinua, akairudisha hewani, akaisukuma tena. Hakuirudisha hata mara moja huku ikigusa chuma, maana tupa hukata ikienda mbele tu, na ikivutwa nyuma hujisaga meno yake yenyewe. Misukumo mitatu, akafungua breki akasogeza mnyororo, akaifunga tena, akaruka jino la upande wa pili, misukumo mitatu tena. Akamaliza meno yote ya kulia ndipo akageuza msumeno kwa ya kushoto, na hesabu ikabaki ile ile, kwa kuwa meno ya upande mmoja yakiwa makali kuliko ya upande mwingine msumeno hupinda ndani ya mti na kumvuta mtu anakokataa kwenda. Mwisho alichukua tupa bapa akapunguza kidogo sana zile nundu zilizo mbele ya kila jino, ambazo ndizo zinazoamua jino lichukue mti kiasi gani. Hapo alikuwa mwangalifu kuliko mwanzo, naye alikuwa na haki: nundu zikishushwa mno, jino hung'ata zaidi ya uwezo wa injini na msumeno huanza kuruka.

Ishara ya ukali haifichiki. Msumeno mkali hutema vipande vinavyoonekana, mithili ya makapi ya randa, na hujizamisha wenyewe kwa uzito wake. Ulio butu hutoa vumbi kama unga, hutoa moshi, na humlazimu mtu aukandamize kwa nguvu za mabega. Mtu anayekandamiza hana tena mizani ya mwili wake, na mti ukiisha kukatika ghafla msumeno huendelea na safari yake mpaka pajani. Mnazi, pamoja na mchanga uliojificha katika makovu ya makuti yake na misumari iliyopigiliwa na vizazi vya watu, hulegeza makali haraka kupita miti mingi. Fundi anayeufanyia kazi bila kuchukua tupa mfukoni atamaliza siku akikandamiza.

Mnyororo wenyewe usilegee wala usikazwe kupita kiasi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, na ncha ya bamba imeinuliwa, mnyororo ulale sawasawa chini ya bamba bila kuning'inia, nawe uweze kuuvuta kwa mkono wenye glavu ukazunguka pasipo kugoma. Ukilegea utatoka njiani, na mnyororo uliotoka njiani katika mwendo ule hupiga kama mjeledi.

Ajali inayoogopwa kuliko zote ni teke la msumeno. Ncha ya bamba, hususa robo yake ya juu, ikigusa gogo, tawi lililojificha au hata ukingo wa kato lenyewe, meno hushindwa kukata, hunasa, na nguvu yote ya injini hugeuka ikaurusha msumeno juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya mwenye kuushika. Hakuna mwanadamu mwepesi wa kulikwepa. Kinachomwokoa ni mambo aliyoyatengeneza kabla: mikono yote miwili imeshika, kidole gumba cha kushoto kimezunguka mpini wa mbele na si kulala juu yake, mwili umesimama kando kidogo ya mstari wa bamba, msumeno haujainuliwa kupita mabega, na kile kikinga cha mbele ya mkono wa kushoto, ambacho ndicho breki ya mnyororo, kinafanya kazi. Breki hii ijaribiwe kila asubuhi. Nimekutana na misumeno ambayo kikinga chake kimefungwa kwa waya ili kisisumbue, na kwa dhati ya moyo wangu namsihi aliyefanya hivyo aufungue waya huo leo.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Msumeno ulazwe chini mahali patupu, breki ikiwa imefungwa, mguu wa kulia ukanyage ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, ndipo kamba ivutwe. Ile desturi ya kuutupa kwa mkono mmoja huku kamba ikivutwa kwa mwingine huonekana ya kishujaa, nayo huacha chombo chenye meno kikining'inia karibu na goti.

Kuhusu mavazi, fundi wa delta atauliza, na kwa haki, atapata wapi suruali maalumu ambayo nyuzi zake ndefu huchomoka na kuunasa mnyororo usimame. Ni ghali na ni adimu. Basi na aanze na yanayopatikana Kibiti na Kariakoo: kofia ngumu, miwani au wavu wa uso, viziba masikio, maana mlio wake hupita desibeli 100 na masikio yaliyokufa hayafufuki, na buti imara badala ya kandambili. Anayeajiriwa ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amletee vifaa vya kujikinga, si yeye ajinunulie kwa ujira wake.

Mti usikatwe kabla haujazungukwa mara moja kwa miguu na mara moja kwa macho. Unaegemea wapi, upepo wa kusi unausukuma wapi, kuna tawi kavu lililonasa juu, kuna mtoto aliyekuja kutazama? Watu wakae mbali kwa urefu wa miti miwili. Njia ya kukimbilia ifyekwe kwanza, ikienda nyuma kwa mshazari na si nyuma moja kwa moja. Mnazi ukwewe na mkwezi kwanza, aangushe nazi, madafu na makuti, maana kilele chenye uzito huo hubadilisha nia ya mti katikati ya safari. Kisha upande mti unakotakiwa kuangukia hukatwa mdomo, usiozidi robo ya unene, na upande wa nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo huo, huingia kato la mwisho. Lakini kato hilo halifiki mpaka mwisho. Huachwa ukanda wa mti usiokatwa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unene wa shina, nao ndio bawaba ya mti: kama mlango unavyogeuka kwa bawaba zake, mti hushuka polepole kuelekea ulikoagizwa. Aliyeikata bawaba ameuachia mti uamue wenyewe. Kabari ya mti mgumu, iliyogongwa ndani ya kato mapema, huzuia mti kukaa juu ya bamba na kulibana, na seremala yeyote atakuchongea kabari nne kwa saa moja.

Miti iliyoangushwa na tufani ina hila kuliko iliyosimama. Gogo lililoegemea ncha zake mbili ni upinde uliovutwa: upande wa juu umebanwa, wa chini umenyooshwa, na anayeanza kukata chini kwa pupa huliona likipasuka na kuruka. Huanzwa upande uliobanwa, kwa kato fupi, kisha humaliziwa upande ulionyooshwa, polepole, mtu akiwa amesimama upande ambao gogo halitarukia.

Na asiende peke yake. Katika delta saa za mtu si zake, ni za maji. Mikondo mingi hukauka maji yakipwa, na mashua iliyokwama matopeni haiendi hospitali mpaka bahari irudi, huenda baada ya saa sita. Kwa hiyo mwenzi awepo, simu iwe na chaji, na katika mfuko wa tupa kuwe na vitambaa safi na bendeji pana. Jeraha hukandamizwa kwa nguvu bila kulegeza wala kuchungulia kila mara. Damu ya mkono au mguu isipokoma, ukanda mpana hukazwa juu kidogo ya jeraha, upande wa moyo, na saa ya kuukaza huandikwa, ili mganga aikute.

Jioni, kazi ikiisha, kuna robo saa nyingine ya uangalifu. Chujio la hewa hutolewa na kukung'utwa, au kuoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa vema. Kifuniko cha pembeni hufunguliwa, na nyuzi za mnazi zilizojisokota kwenye gurudumu la mnyororo huondolewa. Mapezi ya kupoza silinda husafishwa kwa brashi. Mfereji wa bamba hukwanguliwa, na bamba hugeuzwa juu chini ili lisilike upande mmoja. Aliyefanya kazi karibu na chumvi apanguse vyuma vyote kwa kitambaa chenye oili. Plagi hutazamwa mara moja moja, nafasi yake ikiwa nusu milimita. Ya mwisho kabisa ni mnyororo, ambao mchana ulipata joto na kurefuka, ukakazwa. Usiku utapoa na kujivuta, na ukiachwa hivyo utalivuta bamba na mhimili wa injini mpaka asubuhi. Fundi hulegeza skrubu ya mkazo mizunguko michache, huvisha bamba ala yake, na huuweka msumeno juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.